Duveti la Bi Harusi: Tulivyojifunika Usiku wa Joto, Jana na Leo

SEHEMU YA 1: SWALI KUTOKA BWEJUU

Wanaonifuata siku nyingi wanajua mambo yangu: mimi ni muuguzi, nipo wodi ya watoto, nikitoka zamu ya usiku badala ya kulala nnakaa kuandika. Leo si chanjo wala si kuhara. Leo ni habari ya kujifunika. Usicheke, soma kwanza.

Mdogo wangu, mtoto wa mamdogo, yuko Bwejuu. Anaolewa mwezi wa pili, yaani katikati ya kaskazi, joto lile lenyewe. Juzi kanitumia picha: duveti jeupe, nene, limefura kama andazi lililokubali hamira. Chini yake kaandika, "Dada, zawadi yangu nnataka hii. Muuzaji kasema ni la pamba tupu. Litafaa kwa joto letu?"

Nikataka kumjibu kwa neno moja. Nikashindwa, kwa sababu nilikuwa ndiyo kwanza natoka zamu, na usiku ule alikuja mama na mtoto wa mwaka na miezi miwili. Homa nyuzi 39.8. Mtoto amefungwa kanga, juu ya kanga taulo, juu ya taulo blangeti la manyoya lenye picha ya simba. Nje hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nikamfungua mtoto tabaka kwa tabaka, mgongoni amejaa harara, nguo ya ndani inakamulika. Nikamuuliza mama kwa upole, mbona umemfunika hivi? Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nnakuja hospitali, mwanangu. Nisionekane sina cha kumfunika mtoto."

Mtoto alikuwa na ugonjwa wa kifua na dawa ndiyo iliyomtibu, sidai kwamba blangeti lilimuumiza peke yake. Lakini neno lile la mama halikunitoka. Hakusema "mtoto anaona baridi." Kasema "nisionekane."

Basi nikaona swali la mdogo wangu na jibu la yule mama ni jambo moja. Sisi watu wa pwani tuna karne nyingi za kulala katika joto hili. Tulijua kulala. Ilikuwaje tukafika hapa, tunajifunika kitu cha nchi ya theluji na kuona tukikikosa ni aibu? Nitakueleza kwa sehemu saba. Jibu la duveti lipo mwisho, usiruke.

SEHEMU YA 2: KITANDA KILICHOKUWA KINAPUMUA

Tuanze chini kabla ya juu, maana joto la kitandani halitoki kwenye shuka peke yake.

Ukienda Bwejuu maji yakitoka, utaona kwenye mchanga mafungu ya mawe. Mgeni hupita asijue. Chini ya mawe yale mmefukiwa makumbi ya nazi. Wanawake wa Bwejuu, Paje na Jambiani wameifanya kazi hiyo tangu bibi wa bibi zao: makumbi yanafukiwa pwani miezi kadhaa, maji ya bahari yanaingia na kutoka, yanalainika na kuoza nyama yake. Kisha yanafukuliwa, yanapondwa kwa mti mpaka zinabaki nyuzi, zinasafishwa, zinaanikwa, zinasokotwa kamba. Harufu yake skwambii. Bibi yangu aliifanya kazi hiyo kabla ya kilimo cha mwani kuingia pande zile mwishoni mwa miaka ya 80, na hata baada ya mwani hakuiacha kabisa. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli.

Kamba ile ilishona majahazi ya mitepe zamani, ilifunga mapaa ya makuti, na ilitanda vitanda. Kitanda cha kamba ni fremu ya mti na wavu wa kamba katikati, basi. Ukilala, hewa inapita chini ya mgongo wako. Juu yake unatandika mkeka wa ukindu, na ukiwa na uwezo, godoro la sufi.

Sufi, siyo sufu. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi inatoka kwenye mti wa msufi, ule mrefu unaopasua matunda yake na kumwaga kitu cheupe kama mawingu. Kila uzi wake ni bomba tupu lililojaa hewa, na nje una nta kidogo inayokataa maji. Kwa sababu hiyo sufi inaelea, na mpaka Vita vya Pili vya Dunia ndiyo iliyojazwa kwenye majaketi ya kuokolea mabaharia. Mjapani alipoiteka Java mwaka 1942, Wamarekani wakakosa sufi na kutuma watoto wa shule porini wakaokote pamba-mwitu ya kuziba pengo. Sisi huku tulikuwa tunailalia tu.

Wenye nacho nao walifuata kanuni hiyo hiyo. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, kaeleza vitanda vya kwao katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886: virefu kutoka sakafuni, vya mbao nzuri za Kihindi, vimezungushiwa chandarua cheupe chepesi. Kitanda kirefu, hewa chini. Chandarua chepesi, hewa pembeni. Binti mfalme na mvunja makumbi walikuwa wanatafuta kitu kimoja.

Sitaki kukudanganya kwamba zamani kulikuwa pepo. Kitanda cha kamba kilikuwa nyumba ya kunguni, na nnakumbuka birika la maji ya moto likimiminwa kwenye viungio kila baada ya muda. Godoro la sufi linakandamana, linataka kuanikwa na kuchambuliwa, na vumbi lake kwa mwenye pumu ni balaa. Nnachokwambia ni kwamba kwa joto, na kwa joto tu, kitanda kile kilikuwa na akili.

SEHEMU YA 3: SHUKA ILIYOVUKA BAHARI MBILI

Sasa tupande juu, kwenye cha kujifunikia.

Pamba kwetu siyo ngeni. Kilwa waakiolojia wamechimbua vigae vilivyotobolewa katikati, visokotio vya kusokotea uzi, vya kabla Mreno hajaijua njia ya kuja huku. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinafumwa pale na kupelekwa mpaka Misri. Na nguo za pamba za Kihindi zilikuwa zinakuja na jahazi za kaskazi kila mwaka.

Lakini nguo iliyowafunika watu wengi zaidi Unguja karne ya 19 haikutoka India wala Mogadishu. Ilitoka Marekani, na ndiyo maana ikaitwa merikani.

Wafanyabiashara wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, walianza kuleta meli zao Unguja miaka ya 1820. Mwaka 1833 Edmund Roberts akatia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 akafika balozi wao wa kwanza hapa mjini, Richard Waters, mtu wa Salem huyo huyo. Walichukua pembe za ndovu, sandarusi, ngozi, baadaye na karafuu. Walileta majora ya pamba nzito isiyopaushwa, rangi ya maziwa yaliyolala, imefumwa kwa mashine kwenye viwanda vya kwao. Ilikuwa imara na bei yake nafuu. Ikaingia bara mpaka maziwa makuu, na huko njiani ikawa kama fedha: unalipa wapagazi kwa mikono ya merikani, unalipa hongo kwa watemi kwa merikani.

Hapa nnataka usimame kidogo. Pamba ile ililimwa kusini mwa Marekani, na walioilima na kuichuma walikuwa watumwa, Waafrika na watoto wa Waafrika. Ikafumwa kaskazini, ikapakiwa Salem, ikazunguka Afrika nzima, ikashuka Forodhani, na mmoja wa waliofungwa kitambaa hicho kifuani alikuwa mtumwa wa shamba la karafuu Unguja. Mtumwa kamvisha mtumwa, wala hawajaonana.

Vita vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba ikakatika. Waingereza na baadaye viwanda vya Bombay wakaziba pengo kwa nguo ya namna ile ile, lakini jina likabaki. Mpaka leo shuka ngumu isiyopaushwa fundi wako ataiita merikani, hata ikiwa imefumwa China.

Na kwa joto letu ilikuwa shuka nzuri. Mara za kwanza inakwaruza, lakini kila ikifuliwa inalainika, inanyonya jasho na kulitoa nje.

SEHEMU YA 4: AIBU ILIYOSHONWA NDANI YA KITAMBAA

Kama ilikuwa nzuri hivyo, kwa nini tuliikimbia?

Kwa sababu kitambaa siyo uzi tu. Kabla ya 1897 ungeweza kumjua mtu alivyo kwa nguo yake. Merikani tupu, au kaniki, yaani ile ile pamba iliyotiwa nili ikawa nyeusi ya buluu, ilikuwa nguo ya mtumwa na maskini. Mwanamke mtumwa alijifunga kipande kimoja chini ya kwapa, kichwa wazi, miguu mitupu. Shuka yake ya usiku ilikuwa nguo yake ya mchana.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Haikuwa siku moja ya ukombozi kama tunavyofikiri, ilichukua miaka na wengine walisahauliwa. Lakini waliotoka utumwani walifanya jambo mapema kabisa: walibadilisha nguo. Kaniki ikatupwa. Wanawake wakaichukua kanga.

Kanga yenyewe ilikuwa changa, ya miongo ya mwisho ya karne ile. Wanawake wa mjini walikuwa wananunua leso za mraba zikiwa jora zima, wanakata sita sita na kuziunganisha tatu juu tatu chini. Kisha wafanyabiashara wakaagiza zikiwa zimeshachapwa nzima, pindo na mji, na baadaye jina. Aliyekuwa jana hana ruhusa ya kujistiri kichwa, leo ana doti nzima, kanga moja kiunoni na moja kichwani. Kwake yeye kanga ilikuwa cheti cha uhuru.

Ukilielewa hili utaelewa mengine. Merikani ikabaki na harufu ya utumwa. Bafta nyeupe ikawa nguo ya sanda. Kitanda cha kamba, nilipomtajia mdogo wangu, kasema "Dada, hicho si cha maiti?" Vitu vilivyotufaa kwa joto vyote viliangukia upande wa umaskini na mauti, na kila kizazi kikajivuta mbali navyo. Siwalaumu. Mtu aliyevishwa kitambaa kwa lazima ana haki ya kukichukia.

Kanga ndiyo iliyonusurika, kwa sababu ilibeba heshima na ubaridi pamoja. Nenda wodi yoyote ya wazazi nchini uone orodha anayopewa mama mjamzito: kanga zipo. Kanga inampokea mtoto, inambeba mgongoni, inafunikwa akilala mchana, na mama mwenyewe akifa inamfunika kabla sanda haijaja. Miaka ile nguo zilipokuwa adimu, kanga za kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, zilikuwa ndiyo shuka za nyumba nyingi. Bibi yangu hakuwa na shuka. Alikuwa na kanga kuukuu, na kuukuu ndiyo tamu.

SEHEMU YA 5: DUVETI LILITOKA WAPI

Duveti lina kwao. Ulaya ya kaskazini watu walijaza mifuko ya kitambaa manyoya laini ya bata, wakajifunika wakati wa theluji. Hata Waingereza wenyewe walichelewa: walikuwa watu wa mashuka na mablangeti mpaka Terence Conran alipofungua duka lake la Habitat London mwaka 1964 na kuwazoesha duveti. Yaani mzee wa miaka 80 wa Uingereza kazaliwa hajui duveti. Sisi tunadhani ni desturi ya enzi.

Wana hata kipimo chake, tog, kilichobuniwa kwenye taasisi ya nguo ya Shirley, Manchester, miaka ya 1940. Kinapima nguo inazuia joto kiasi gani lisitoke mwilini. Duveti la baridi kali ni kama tog 13.5, la majira yao ya joto ni 4.5 au chini. Sasa angalia: "majira ya joto" ya Uingereza, usiku wake ni kama Makete au Lushoto. Usiku wa Februari hapa joto hukaa nyuzi 25 hivi na hewa imejaa maji. Kwa hiyo hata duveti lao la joto, kwetu ni la baridi.

Na mwaka 1941 wanakemia wawili wa kampuni ya Manchester hiyo hiyo, Whinfield na Dickson, walitengeneza uzi wa poliesta. Hauozi, haukunjiki, rahisi, unakauka upesi. Una kasoro moja inayotuhusu: haunywi maji. Pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, sufu karibu 16, poliesta haifiki hata 1. Jasho likikutana na poliesta nene halina pa kwenda. Linabaki kati yako na kitambaa. Na mwili wako unapoa pale jasho linapokauka, siyo pale linapotoka.

Kwetu ilifikaje? Katikati ya miaka ya 80 Zanzibar ilifungua biashara ya nje, na bidhaa za Dubai zikamiminika Darajani. Jamaa wa Maskati na Dubai wakija likizo walibeba mablangeti mazito ya manyoya kwenye mabegi ya zipu, na mkubwa wa nyumba akapewa moja. Hakuna aliyeuliza kwa nini Muomani analala na blangeti nchi ya jangwa. Jibu ni kiyoyozi. Kule chumba kinapozwa mpaka baridi, halafu mtu anajifunika kuikimbia baridi aliyoinunua kwa umeme.

Kisha zikaja hoteli pwani ya mashariki. Mdogo wangu anatandika vitanda katika moja ya hoteli za Bwejuu. Kila siku anatandika duveti jeupe, analinyoosha, anaweka ua. Na kila chumba kina kiyoyozi. Yeye kachukua duveti, kiyoyozi kimebaki hotelini. Kwao kuna feni moja na paa la bati.

Nikwambie na jingine linalotuhusu sisi wauguzi. Florence Nightingale, ambaye kila mwanafunzi wa uuguzi anafundishwa jina lake, alitoa kitabu chake cha kuuguza kati ya 1859 na 1860, na ndani yake kazungumzia hasa cha kumfunika mgonjwa. Ukitegemea kasifu pamba, umekosea. Aliilaumu mfuniko mzito wa pamba uliofumwa kwa kubana, akataka blangeti jepesi la sufu lililofumwa wazi, kwa sababu moja: mfuniko mzito unauzuia mvuke wa mwili usitoke, blangeti jepesi linaupitisha.

Soma tena hapo. Hakuuliza tu "ni uzi gani?" Aliuliza "inapitisha?" Hilo ndilo swali, na ndilo wauzaji hawalijibu. Pamba nene iliyojazwa ndani ya pamba iliyobana itakuchemsha vile vile. Na kwa unyevu wa Bwejuu itafanya kubaya zaidi: itanyonya maji ya hewa, iwe nzito, isikauke, itoe uvundo.

SEHEMU YA 6: MIEZI MITATU YA GIZA

Watu wa rika langu tulifanyiwa mtihani wa jambo hili, hatukuambiwa tu.

Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Mwaka 2008, Mei mpaka Juni, ulikatika karibu mwezi mzima, tukasema imepita. Tarehe 10 Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu, na yote ya kaskazi. Pampu zikasimama, maji yakawa ya kununua ndoo. Jenereta za wenye nazo zikaguruma usiku kucha.

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nakaa Ng'ambo na jamaa zangu. Usiku wa kwanza bila feni kila mtu alilala kitandani kwake kama kawaida, juu ya godoro la sponji na blangeti miguuni. Wiki ya pili nyumba nzima ilikuwa chini. Sponji ilikuwa kama jiko. Mikeka ikatolewa mvunguni, ikatandikwa sakafuni penye saruji baridi, wengine barazani, wanaume juu ya paa. Mablangeti ya Dubai yakakunjwa yakawekwa juu ya kabati, na hakuna aliyeyaulizia.

Bibi alikuja kutoka Bwejuu kutuangalia. Akatukuta tunajipepea kwa vifuniko vya maboksi. Akacheka, akachovya kanga kuukuu kwenye maji kidogo, akaikamua mpaka ikawa haitoni, akajifunika kifuani, dirisha wazi, akakoroma kabla ya sisi kumaliza kulalamika. (Hili usimfanyie mtoto mchanga wala mzee mgonjwa. Bibi alikuwa mzima.)

Nilifikiri baada ya pale tutakuwa tumejifunza. Umeme uliporudi, siku ile ile mikeka ikarudi mvunguni. Mwaka 2013 ukazinduliwa waya mpya mkubwa zaidi, megawati 100, na sisi tukasahau. Nami nilisahau. Nyumba yangu ya kwanza nilinunua duveti.

SEHEMU YA 7: JIBU LA DADA

Haya, mdogo wangu, na wewe unayesoma. Nnajibu kwa mpangilio.

Kwanza, soma karatasi iliyoshonwa ndani, siyo ya nje. Maduveti mengi yaliyoandikwa "pamba asilimia 100" ni pamba kwenye mfuko tu, ndani yamejazwa poliesta. Huyo muuzaji huenda hakudanganya, lakini hakusema yote. Pasipo karatasi, omba uzi mmoja wa ndani uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mafundi wa nguo wote wanaijua njia hii. Na kwenye kanga fanya hivyo hivyo, maana kanga za poliesta nazo zimejaa sokoni.

Pili, liinue kitambaa kwenye mwanga, kisha kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita, jasho nalo litapita.

Tatu, kwa kaskazi usijifunike duveti la aina yoyote kama huna kiyoyozi. La poliesta, la pamba, la sufu, la manyoya ya bata, yote. Nunua foronya ya duveti, ya pamba, nyepesi, nyeupe kama ya hotelini, na lala nayo ikiwa tupu. Ni mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja. Kitanda kitaonekana kile kile ulichokipenda. Likifika kusi, Julai na Agosti, upepo wa Bwejuu unapiga mpaka mfupa unajua, hapo tia ndani kitu chembamba. Wazee wa mjini wana neno zuri, mfarishi: kitambaa kilichotiwa pamba kidogo na kushonwa mistari. Unafulika na kukauka jua la siku moja. Kitu kisichokauka siku moja, pwani hakifai.

Nne, chini yako. Godoro la sponji lililofungwa nailoni ya dukani usililalie na nailoni yake. Ivue. Tandika shuka ya pamba, na usiku wa joto kali mkeka wa ukindu juu yake siyo ushamba.

Tano, chandarua kibaki. Najua vingi vimetengenezwa kwa poliesta au nyuzi za plastiki, na utasema muuguzi anajipinga. Sijipingi. Chandarua kina matundu na hakikugusi mwili, na malaria Zanzibar imepungua sana kwa sababu watu walikubali kulala ndani yake. Uzi ule ule, kazi nyingine.

Sita, nalo ni kwa mama wote. Mtoto chini ya mwaka mmoja asilazwe na duveti wala mto, hata kama ni wa pamba. Likimfunika uso hawezi kulitoa. Mtoto mwenye homa mvike nguo moja nyepesi, mfunike kanga moja akitetemeka, mlete hospitali. Mtoto mchanga hasa njiti ni habari nyingine, yeye anataka joto, na joto lake bora ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi. Blangeti la simba libaki nyumbani.

Nilimwandikia mdogo wangu haya yote kwa ufupi. Alikaa kimya saa nzima, kisha akajibu: "Nimekuelewa dada. Lakini siku ya kuangalia chumba, watu wataniona vipi, kitanda hakina duveti?"

Swali lile lile la yule mama wa wodini. Sikumcheka. Nilimwambia nitamnunulia foronya nzuri kuliko zote za mjini, yenye darizi pembeni, na mfarishi mmoja wa kukunjwa miguuni, wageni wauone. Wakitoka autoe. Na ndani ya begi la zawadi nimeweka kanga moja ya bibi, ile kuukuu, imefuliwa mpaka jina lake halisomeki. Hiyo asimwonyeshe mtu. Hiyo ni ya saa nane usiku, Februari, umeme ukikatika.

Wasalaam. Walionuna kwa sababu wameshanunua duveti: nami ninalo. Lipo juu ya kabati.